Leza ya Culham ndani ya Moscow: uchambuzi wa kipimo cha T-3, 1969

Agosti 1968, kwenye mkutano wa kimataifa wa fizikia ya plazima (gesi ya moto mno ambayo elektroni zake zimetengana na viini) uliofanyika Novosibirsk, Lev Artsimovich na wenzake wa Taasisi ya Kurchatov, Moscow, walitoa matokeo ambayo wengi waliyapokea kwa mashaka. Mashine yao, T-3, ni tokamaki, yaani chombo cha umbo la pete kinachoshikilia plazima kwa sumaku, nayo ilikuwa imepasha elektroni hadi kufikia kiloelektrovolti 1 hivi. Kwa nyuzi tulizozoea, hizo ni zaidi ya milioni 10 za Selsiasi. Wakaongeza kwamba joto hilo linakaa ndani ya mashine makumi ya mara zaidi ya muda ambao kanuni ya Bohm, inayokadiria plazima huvuja upesi kiasi gani kwenye uga wa sumaku, ingeruhusu. Kanuni hiyo ndiyo iliyokuwa imewavunja moyo Wamarekani. Stelareta ya Princeton (mashine ya aina nyingine ya kushikilia plazima kwa sumaku), Model C, ilikuwa ikivuja karibu vile vile kanuni ilivyosema, na kama huo ndio ukomo wa maumbile, basi kuunganisha viini vya haidrojeni ili kupata umeme ni ndoto tu.

Kwa hiyo ama Warusi walikuwa wamevuka ukuta, ama vipimo vyao vilikuwa vimewadanganya.

Kisa hiki husimuliwa sana kama habari ya Vita Baridi: Waingereza waliokwenda Moscow na mzigo wa vifaa vya leza wakati dunia imegawanyika pande mbili. Upande huo upo na una utamu wake. Mimi lakini naona kiini cha kisa kiko kwenye vifaa. Warusi walikuwa na chombo kinachojibu swali moja, wapinzani wao walikuwa wanauliza swali jingine, na mabishano yasingekwisha hata yangepigwa miaka kumi. Yalikwisha pale kilipopatikana chombo cha kujibu swali lililoulizwa.

Tuanze na vipimo vya Warusi vyenyewe, maana havikuwa vya kubahatisha. Plazima yenye shinikizo huusukuma nje kidogo uga wa sumaku uliopita ndani yake. Ukizungusha kitanzi cha waya kwenye chombo, badiliko hilo linajitokeza kama volti ndogo, na kutoka hapo unapiga hesabu ya jumla ya nishati ya chembe zinazozunguka mistari ya sumaku. Msongamano wa elektroni waliupata kwa kupitisha mawimbi ya maikro katikati ya plazima na kuangalia awamu yake imehama kiasi gani. Gawanya nishati kwa idadi ya chembe, unapata wastani wa nishati kwa kila chembe. Hesabu safi kabisa.

Wastani ndio uliowaletea shida. Ndani ya tokamaki hupita mkondo mkubwa wa umeme kuizunguka pete, na mkondo huo unasukumwa na uga wa umeme. Elektroni zina tabia moja mbaya: kadiri inavyokwenda kasi ndivyo inavyogongana kidogo na wenzake, na isipogongana uga unazidi kuikimbiza. Chache kati yao hutoroka kabisa, zikafikia nishati kubwa mno. Sasa ukiwa na umati wa elektroni baridi za elektrovolti 100 pamoja na genge dogo la watoro, kitanzi cha waya kitasoma jumla na kukupa wastani mzuri wa kuvutia. Hakina njia ya kukuambia nishati ile imeshikwa na nani. Na kwa muungano wa nyuklia, yaani huko kuunganisha viini, jambo hilo ni uhai na kifo: plazima yenye joto la kweli ni ile ambayo nishati imegawanyika kwa wote kwa mpangilio wa Maxwell, kila chembe ikiwa imegongana na wenzake mara nyingi hadi zikalingana.

Wasiwasi huo haukutoka hewani, na Waingereza ndio waliokuwa na kovu lake. Januari 1958, John Cockcroft alitangaza habari za ZETA, mashine ya muungano iliyokuwa kwenye kituo cha nyuklia cha Harwell, Uingereza, akasema ana uhakika wa asilimia 90 kwamba nyutroni zinazotoka humo ni za muungano wa nyuklia. Magazeti yakashangilia. Kufika Mei mwaka huo huo ilibidi kauli irudishwe nyuma. Nyutroni zilikuwepo kweli, ila zilitokana na viini vichache vilivyorushwa na misukosuko ya plazima, si na joto la plazima nzima. Kinachouma zaidi ni kwamba Igor Kurchatov, mkuu wa utafiti wa nyuklia wa Kisovieti, alikuwa amekwenda Harwell Aprili 1956 akatoa mhadhara, na humo alieleza kwamba Warusi wameona nyutroni za namna hiyo hiyo kwenye majaribio yao wakagundua hazitokani na joto. Onyo lilitolewa ukumbini mwao, wakalisikia, na bado wakaangukia pale pale.

Miaka kumi baadaye mambo yamegeuka: Mrusi ndiye anayedai, na wa Magharibi ndio wanaosema huenda ni chembe chache tu zinazokuhadaa.

Lakini Waingereza walikuwa wamepata kitu kutokana na aibu ya ZETA. Mashine iliendelea kufanya kazi kwa miaka, na wataalamu wa maabara mpya ya Culham, karibu na Oxford, waliitumia kujifunza kupima plazima kwa leza. Leza yenyewe ilikuwa changa, ya kwanza ilikuwa imewaka mwaka 1960. Njia waliyoikuza inaitwa mtawanyo wa Thomson. Unapiga mwale mkali wa nuru kupita kwenye plazima. Wimbi la nuru linaitikisa elektroni, na elektroni inayotikiswa hutoa nuru yake yenyewe kuelekea pande mbalimbali. Elektroni ikiwa imetulia, nuru hiyo ina rangi ile ile ya leza. Ikiwa inakimbia kukuelekea, rangi inasogea upande wa bluu; ikikukimbia, inasogea upande wa wekundu, kwa sababu ile ile inayofanya honi ya basi isikike nyembamba likija na nzito likishapita. Elektroni zikiwa nyingi na kila moja na kasi yake, mstari mwembamba wa leza unageuka kilima kipana cha rangi, na umbo la kilima hicho ni picha ya moja kwa moja ya mgawanyo wa kasi.

Hapo ndipo penye uzito wote. Kitanzi cha waya kinatoa namba moja. Nuru iliyotawanywa inatoa umbo zima.

Tulipigie hesabu, maana namba zinaeleza mengi kuliko sifa. Leza ya ruby hutoa nuru nyekundu ya nanomita 694.3. Elektroni kwenye kiloelektrovolti 1 zinakwenda kama kilomita 19,000 kwa sekunde, asilimia 6 ya mwendo wa nuru. Ukikusanya nuru kwa pembe ya nyuzi 90 kutoka mwale wa leza, kilima kitakuwa na upana wa nanomita 100 hivi ukikipima kwenye nusu ya kimo chake. Kwa elektroni za elektrovolti 100 upana huo ni nanomita 32 tu. Sasa simama nanomita 50 kutoka mstari wa leza, yaani karibu na 644, uangalie kuna nuru kiasi gani. Kama plazima ina kiloelektrovolti 1, utakuta nusu ya nuru iliyopo kileleni. Kama ina elektrovolti 100, utakuta karibu sehemu moja kwa elfu. Hapa hakuna nafasi ya kubishana. Mkondo wa nuru kwenye kigunduzi hicho ama upo ama haupo.

Na wale watoro je? Wao nuru yao husambaa mbali sana na kwa udhaifu mno, kiasi kwamba hawawezi kukipanua kilima. Umati ukiwa baridi, kilima kitabaki chembamba hata genge la watoro libebe nusu ya nishati yote. Kuna mbinu nzuri ya kuliona hilo kwenye karatasi: chora logi ya ukali wa nuru dhidi ya mraba wa umbali kutoka mstari wa leza. Plazima yenye mpangilio wa Maxwell itakupa nukta zilizojipanga kwenye mstari ulionyooka, na mteremko wa mstari huo ndio joto. Makundi mawili yenye joto tofauti yatakupa mstari uliovunjika kiunoni. Mwanafunzi mwenye rula anaweza kutoa hukumu.

Kuna faida nyingine isiyosemwa sana. Ili kupata joto kwa njia hii huhitaji kujua umekusanya fotoni ngapi kwa uhakika kamili. Unahitaji tu kujua usikivu wa kila chaneli ukilinganishwa na jirani yake, jambo unalolithibitisha kwa taa ya tungsteni ambayo spektra yake inajulikana. Ukitaka msongamano ndipo kazi inaongezeka, kwa kawaida kwa kujaza chombo gesi ya shinikizo linalojulikana na kupima mtawanyo wake.

Basi kwa nini kila mtu hakuwa nayo? Kwa sababu nuru yenyewe ni haba mno. Chukua kwa mfano leza ya jouli 5 kwa mpigo. Hiyo ni fotoni kama milioni milioni milioni 17. Kwa plazima yenye elektroni 2 × 10¹⁹ kwa mita ya ujazo, ukitazama sentimita moja ya mwale kupitia lenzi yenye kipenyo cha sentimita 10 iliyo umbali wa sentimita 90, fotoni zitakazofika kwenye lenzi ni kiasi cha 270,000. Kisha spektromita, kifaa cha kutenganisha rangi, inakula sehemu, na uso wa kigunduzi unageuza asilimia chache tu kuwa elektroni. Unabaki na elfu chache za kugawanya kati ya chaneli zako.

Halafu geuza hesabu upande wa pili. Ikiwa fotoni moja tu kati ya kila 10¹⁴ za leza itagonga ukuta wa chuma, ikarukaruka na kuingia kwenye lenzi, umepata fotoni 170,000 za uongo, zinazokaribia ishara yenyewe. Ndiyo maana mafundi wa kazi hii hutumia muda mwingi kwenye mambo yasiyo na fahari: mabomba marefu yenye pete za kuzuia nuru kwenye njia ya leza, madirisha yaliyoinamishwa kwa pembe ya Brewster ili yasiakisi nuru ya leza, mtego wa kumeza mwale ukishapita, na uso mweusi nyuma ya mahali unapotazama. Nafuu ni kwamba nuru ya kurukaruka ina rangi ya leza peke yake, kwa hiyo unaiachia chaneli ya katikati na kusoma za pembeni.

Pembeni nako kuna lake. Vigunduzi vya miaka ile vilikuwa vizito vya kuona upande wa wekundu, hivyo kilima cha ruby kilisomwa zaidi upande wa mawimbi mafupi. Upande huo huo, kwenye nanomita 656.3, umekaa mstari mkali wa haidrojeni, gesi ambayo mashine yenyewe imejazwa. Kilima kipana cha plazima ya moto kinapita juu yake moja kwa moja. Lazima chaneli zipangwe kuukwepa, au uzibwe. Zaidi ya hapo plazima inawaka nuru yake yenyewe muda wote, na dawa yake ni muda: mpigo wa leza hudumu makumi ya nanosekunde, na ukisoma vigunduzi kwa kipindi hicho tu, nuru ya plazima iliyobaki nje ya dirisha hilo dogo haikuhusu. Jouli 5 zikitoka kwa nanosekunde 20 ni megawati 250, na kwa kipindi hicho kifupi leza inaweza kushindana.

Artsimovich alijua kwamba chombo cha kumaliza ubishi kiko Culham. Alimwalika Bas Pease, mkurugenzi wa Culham, apeleke watu na vifaa vyao wapime T-3 wenyewe. Nimetafakari sana mwaliko huo. Angeweza kuomba mchoro, akajenga chombo chake Moscow, na matokeo yangekuwa yale yale. Ila wapinzani wangebaki na la kusema. Kipimo cha mpinzani, kilichofungwa kwa mikono ya mpinzani, hakiachi la kusema. Na kumbuka wakati wenyewe: wiki mbili hivi baada ya mkutano wa Novosibirsk, vifaru vya Kisovieti viliingia Prague. Mwaliko haukufutwa, upande wowote.

Masanduku ya vifaa yenye uzito wa tani kadhaa yakasafirishwa hadi Kurchatov. Waliokwenda ni pamoja na Derek Robinson, Nicol Peacock, Mike Forrest na Peter Wilcock; upande wa wenyeji alikuwapo V. V. Sannikov, na jina lake limo kwenye ripoti pamoja na yao. Kufunga na kurekebisha chombo kulichukua muda. T-3 haikujengwa kwa ajili ya leza: ni pete yenye nusu kipenyo cha mita 1 tu, imezungukwa na koili za sumaku, na nafasi za kuchungulia ndani ni finyu. Leza ya aina ile hupiga mara moja kwa kila mlipuko wa plazima, yaani kila mashine inapowashwa kwa muda mfupi, kwa hiyo kila mlipuko unakupa sehemu moja ya plazima kwa kitambo kimoja. Ukitaka kujua joto la katikati na la kando, na lilivyopanda na kushuka, unarudia milipuko mingi na kutumaini mashine inafanya jambo lile lile kila mara.

Kufika Agosti 1969 jibu lilikuwa limepatikana, na lilipigwa simu Culham kabla halijachapishwa. Kutoka huko likafika Washington kimya kimya. Septemba na Oktoba wataalamu walipokutana Dubna, likawa la wote. Ripoti ilitoka kwenye jarida la Nature tarehe 1 Novemba 1969, kurasa tatu tu: joto la elektroni kati ya elektrovolti 100 na kiloelektrovolti 1, msongamano kati ya 1 na 3 × 10¹³ kwa sentimita ya ujazo, na matokeo yanakubaliana na yale ya njia nyingine pale palipowezekana kulinganisha moja kwa moja.

Sentensi hiyo ya mwisho ni ya upole wa kiofisi, ila ndiyo iliyowaondolea Warusi lawama. Kitanzi cha waya hakikuwa kimedanganya. Kilikuwa kimesema kweli bila uwezo wa kujitetea.

Princeton hawakupoteza muda. Model C, stelareta waliyoijenga kwa gharama kubwa, ikavuliwa na kugeuzwa tokamaki iliyoitwa ST, na mwaka 1970 ikaanza kazi. Oak Ridge wakaja na Ormak, MIT na Alcator, Wafaransa na TFR, Wajerumani na Pulsator, Culham wenyewe na CLEO. Kwa miaka iliyofuata fedha nyingi za fani hii zilikwenda kwenye umbo moja la mashine.

Hapo nina neno. Kipimo cha 1969 hakikusema yote yaliyodaiwa kwa jina lake. Hakikupima ioni, yaani viini vilivyovuliwa elektroni, na ioni ndizo zinazoungana. Elektroni ni majirani tu. Joto la ioni za T-3 lilipatikana kwa njia nyingine, na lilikuwa chini ya lile la elektroni. Wala hakikuonyesha kwamba hakuna watoro kabisa, kilionyesha tu kwamba hawakuwa wenye nyumba. Na kilipima mashine moja. Kwamba stelareta haina mustakabali ni uamuzi ambao watu waliuchukua, haukuwemo kwenye spektra. Mashine ya Wendelstein 7-X iliyoanza kazi Greifswald mwaka 2015 ni stelareta, na inaendelea vizuri.

Chombo chenyewe kimebaki kuwa rejeo la joto la elektroni kwenye karibu kila mashine kubwa, ingawa ruby imeachia nafasi leza za fuwele ya Nd:YAG za nanomita 1,064, zinazopiga mara nyingi kwa sekunde badala ya mara moja kwa mlipuko. Tokamaki JET, iliyofanya kazi Culham kuanzia 1983 hadi Desemba 2023, ilikwenda mbali zaidi: kuanzia 1987 ilitumia mipigo mifupi ya pikosekunde 300 hivi, yaani sehemu 300 za trilioni za sekunde, ikasoma nuru inayorudi kinyumenyume kupitia upande ule ule ilikoingia. Kwa kuwa nuru ikienda na kurudi inapita sentimita 15 za kina kwa kila nanosekunde, saa peke yake inakuambia kila fotoni imetoka wapi, na mpigo mmoja unatoa picha ya joto kutoka ukingo hadi ukingo. Kazi ya milipuko mingi ya T-3 ikawa kazi ya mpigo mmoja.

Kwenye ITER, tokamaki kubwa inayojengwa kusini mwa Ufaransa, shida imehama tena. Hesabu za fotoni si tishio kubwa. Tishio ni kioo cha kwanza, cha kuakisi nuru, kinachoikabili plazima. Huwezi kuweka lenzi pale, kwa sababu nyutroni zinakitia giza kioo cha kawaida cha kupitisha nuru, na nyuzi za nuru pia, basi unaweka kioo cha chuma, cha molibdeni au rodiamu, na kuipitisha nuru kwenye njia yenye kona ndani ya ngao ili nyutroni zisiifuate. Chembe zinazobanduka ukutani hutua juu ya chuma hicho na kukifunika utando, na kwa kuwa utando hauli rangi zote sawasawa, unavuruga kitu kile kile kilichokuwa nguvu ya njia hii: uwiano wa chaneli moja na jirani yake. Mafundi wanaunda namna ya kuwasha plazima ndogo juu ya kioo chenyewe ili iusugue utando huo mashine ikiwa imepumzika, na kila kioo kikishasuguliwa, usikivu wa chaneli inabidi upimwe upya kabla joto lolote halijaandikwa.